Viganja vya Nyabise

Siku ya kuniaga ofisini mlinipa kipaza sauti, nikasema "asanteni sana," nikakaa. Najua wengine mlicheka. Keki ilikuwa nzuri. Ndivyo nilivyo tangu nikiwa sekondari: mbele ya watu maneno hayatoki, ila nikipewa kalamu na mahali pa kujificha nasema yote, hata yale ya aibu. Nyinyi wawili mliorithi meza yangu ya maabara mliniuliza zamani tulipimaje maji bila mashine. Sikuwajibu vizuri siku ile. Nawajibu sasa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kidato cha nne, katika ile miaka ambayo sabuni ilikuwa habari. Mtu akipata kipande cha sabuni mjini Musoma, mtaa mzima wa Kitaji unajua kabla hajafika nyumbani. Hapo Kitaji nilikaa kwa shangazi. Kwetu ni kijijini, kule kwenye rasi, kwa wavuvi, na baba aliposikia nimepata kazi ya maji alicheka mpaka akakohoa. "Maji? Si hayo hapo ziwani? Unaenda kuyafanyia nini?" Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya saruji, dirisha la kutazama ziwa, na kabati ambalo chupa nyingi zilikuwa na lebo tu, ndani hamna kitu.

Aliyenipokea ni Mzee Magesa, fundi wa maabara, mtu mrefu mwenye kaptula ya kaki na miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Hakuniuliza jina. Alinionyesha karai la chupa, mchanga wa ziwani na ndoo ya majivu.

"Osha."

Nikaosha. Akachukua chupa moja, akainusa kama mtu anayekagua maziwa.

"Rudia."

Siku nzima ilikuwa hivyo. Jioni, wakati wa kufunga dirisha, akaniangalia. "Binti, wewe huwaga unaongea?"

"Ndiyo, mzee."

"Na nani?"

Nikatazama karai la chupa. "Haya," akasema. "Chupa hazijali."

Sijui kama alikusudia kunifariji, lakini nililala vizuri usiku ule. Nilikuwa nimeogopa kazi ya kuongea na watu kaunta.

Aliyonifundisha nitayasema kwa kifupi, kwa sababu mashine yenu haiwafundishi. Chupa isuuze kwa maji yale yale unayokwenda kuchukua, mara tatu. Pampu iache iende kwanza mpaka maji yaliyolala kwenye bomba yaishe. Usionje. Mdomo si kifaa, na huna wa akiba. Tena, kila unapopima maji unayoyashuku, pima na mengine usiyoyashuku. Hili la mwisho alikuwa akilirudia mpaka nikalichoka. "Usipofanya hivyo," anasema, "unapima woga wako tu."

Gari tulikuwa nalo, lilikuwa juu ya mawe. Kwa hiyo mara nyingi tulikwenda kwa lori la pamba mpaka Bunda, kutoka hapo kwa baiskeli, sanduku la chupa limefungwa nyuma kwa mpira. Nikajulikana vijijini kama Bwana Maji mwanamke. Watoto walikimbia kuniangalia. Mimi nilikuwa natazama chini, nikitamani gurudumu liingie shimoni tudondoke wote, habari iishe.

Miaka hiyo kulikuwa na mradi wa visima vya pampu ya mkono. Watu walikuwa wakinywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe wao, kipindupindu kinapita kila mwaka, na pampu ilikuwa jambo jema kweli kweli. Msije mkasoma haya mkadhani nalaumu pampu. Sisi kazi yetu ilikuwa kupima chumvi, kutu, na ile floraidi inayochafua meno. Wanawake walikuwa na vipimo vyao: maji yakiivisha maharage upesi na chai haigeuki rangi, wameyakubali. Yakishindwa hapo, unaweza ukaandika ripoti nzuri unavyotaka, wanarudi lamboni.

Sasa nifike kwenye kisima chenyewe. Kilikuwa katika kitongoji kimoja kati ya Bunda na Butiama. Jina silitaji, mabinti wa pale bado wanaolewa. Wenyeji walichagua mahali wenyewe: uwanja wa wazi, si shamba la mtu, nyasi zake zinabaki kijani hata kiangazi. Mradi ulifurahi, maana kwingine tulikuwa tunakwama miezi kwenye ugomvi wa mipaka. Tulichimba, maji yakatoka karibu, baridi, meupe kabisa. Tukapima vile tulivyokuwa tukipima. Yakafaulu.

Mtunza pampu alichaguliwa Nyabise. Alikuwa mke mdogo katika boma la jirani na pale, mji kama wanavyouita, amezaliwa upande wa Butiama, wa umri wangu, na mwenye kila nilichokosa: sauti, kicheko, na mikono isiyoogopa chuma. Siku ya mafunzo alifungua pampu na kuifunga upesi kuliko wanaume waliokuja kutazama.

"Mura, nipishe," alimwambia kijana mmoja aliyetaka kumsaidia kushika spana. "Unanikingia mwanga."

Mtaalamu wa mradi alimpa sharti moja zaidi. Watu wa pale walizoea maji yenye rangi. Haya meupe waliyaonea shaka. Basi kila asubuhi mtunza pampu ajaze kikombe pale pale bombani, anywe mbele ya watu, ndipo wengine wachote. Nyabise alikunywa. Kikombe kikubwa cha bati, mpaka mwisho, akakigeuza chini kuonyesha hakuna tone. Watu wakapiga makofi. Na kwa kuwa alishinda pale kufukuza watoto wanaoning'inia kwenye mpini, akawa anakunywa hapo hapo mchana kutwa.

Miaka ikapita. Ruksa ya biashara huria ikaja, maduka ya Musoma yakajaa: sukari, mitumba, betri za redio, sabuni za rangi tatu katika kipande kimoja. Dukani kila kitu kilirudi. Ofisini kwetu hakikurudi kitu, isipokuwa gari lilishuka kwenye mawe. Nami nilikuwa nimeolewa, nina mtoto mmoja, na Mzee Magesa anakaribia kustaafu, ndipo tukapata malalamiko kutoka kile kitongoji. Maji yana kutu. Yakikaa ndoo inakuwa nyekundu.

Tulifika saa za mchana, jua limewaka. Nyabise alitupokea amevaa sweta la mikono mirefu, ametuletea vigoda, lakini mkono hakutupa. Mtu mwenye aibu haangalii watu usoni, anaangalia mikono. Niliona viganja vyake. Vilikuwa vimejaa vinundu vigumu, kama mtu amebandika punje za mtama chini ya ngozi. Shingoni, pale sweta lilipoishia, kulikuwa na madoa meusi na meupe yaliyochanganyika, kama vumbi lililonyeshewa matone machache.

Mama mkwe wake, Bibi Bhoke, alikuwa ameketi mlangoni akichambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Bwana Maji," alimwambia Mzee Magesa, "huyo usimpe mkono."

"Kwa nini, mama?"

"Ana ukoma. Anakula peke yake na anapika peke yake. Baada ya mavuno wenye mji watakaa kikao, arudi kwao."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa hapa. Wanaendaga wapi?"

Alisema hayo Nyabise akiwa amesimama pale pale, ameshika kigoda cha tatu. Alikiweka chini, akapangusa vumbi, akaenda kukaa karibu na ghala. Alikuwa na watoto watatu. Mdogo alitaka kumfuata, dada yake akamshika nguo.

Nikaenda kwenye pampu. Nilipaswa kuchukua maji nikachukua maji. Lakini wakati wa kusuuza chupa nilimsikia nyuma yangu.

"Dada Maji, wewe umesoma. Mtu akiwa na ukoma, watoto wanaruhusiwa kumtembelea?"

Nikamwambia twende zahanati. Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mwenye usingizi, kwa sababu alikuwa peke yake. Alimwambia Nyabise afumbe macho. Akachukua uzi wa pamba, akamgusa nao kwenye doa moja moja.

"Nikigusa, niambie."

"Hapo."

"Hapa je?"

"Hapo pia."

"Na hapa?"

"Hapo unanitekenya, daktari."

Daktari akacheka, usingizi ukamtoka. "Mama, doa la ukoma halitekenyeki. Linakufaga ganzi. Wewe huna ukoma."

"Nina nini?"

"Sijui. Najua nini huna." Nimefanya kazi na wataalamu wengi baada yake, na wachache walikuwa na ujasiri wa kusema hivyo.

Mzee Magesa alikuwa amekwisha kusogea karibu. Alikuwa ameshika kiganja cha Nyabise anakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, miwani imeshuka puani. Kisha akasema, "Josho."

Mnaofuga hamhitaji maelezo. Wengine mjue josho ni lile bwawa jembamba la saruji ambalo ng'ombe huogeshwa kuua kupe. Zamani, kabla ya dawa za siku hizi, dawa ya josho ilikuwa na sumu inayoitwa aseniki. Mzee Magesa, alipokuwa kijana, aliwahi kufanya kazi joshoni. Wanaume waliokuwa wakikoroga ile dawa kwa miaka, alisema, viganja vyao vilikuwa hivi hivi. Mmoja alikufa na donda mkononi ambalo halikupona. Wengine waliacha, ngozi ikatulia.

"Lakini mimi sijawahi kushika dawa ya josho," Nyabise alisema.

Tulirudi hadi mlangoni kwa Bibi Bhoke. Mzee Magesa akamuuliza kwa upole: pale penye pampu, zamani palikuwa na nini?

"Pale? Palikuwaga josho. La enzi za mkoloni. Lilifukiwa wakati mimi nimeolewa karibuni."

"Mbona hamkutuambia wakati wa kuchimba?"

"Mliuliza? Mliuliza ardhi ni ya nani. Tukasema si ya mtu."

Ndiyo maana palikuwa wazi. Ndiyo maana hapakuwa na mgogoro. Yaani tulikuwa tumechimba kisima mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyewahi kutaka kulima, tukajipongeza.

Bibi Bhoke lakini hakuwa mtu wa kushindwa hapo. "Na kama ni maji," akasema, "mbona mimi nakunywa hayo hayo na sina kitu?"

"Unakunywa vipi, mama?"

"Nakunywa kama mtu mwenye adabu. Nayalaza mtungini. Asubuhi ule uchafu mwekundu umekaa chini, nateka ya juu, ya chini namwaga. Mke mkubwa naye hivyo hivyo. Hawa wengine wana haraka. Huyu ndiye anakunywa bombani kama ndama."

Mzee Magesa akaniangalia, nami nikamwangalia. Nikaenda kuchukua chupa nyingine, nikaijaza kutoka kwenye mtungi wa Bibi Bhoke. Tulipopita Bunda tukakubaliana: maji ya pampu, maji ya mtungi, na ya tatu ya ziwani, yale tusiyoyashuku.

Hapa ndipo mnaotumia mashine mtacheka. Kupima aseniki kulikuwa hivi: unaweka maji kwenye chupa, unatia asidi na vipande vya zinki, hewa inatoka, inapita kwenye karatasi iliyolowekwa dawa. Karatasi ikibaki nyeupe, salama. Ikiwa njano kidogo, jihadhari. Ikiwa kahawia, ondoka. Asidi tulikuwa nayo, na karatasi za mwisho mwisho. Zinki hatukuwa nayo. Kwa kazi nyingine tulikuwa tumezoea kuikata kutoka kwenye betri kuukuu za redio, maana ganda la betri ni zinki, na tulijiona werevu sana.

Tukapima. Maji ya pampu: kahawia. Mtungi: kahawia. Maji ya ziwa, ambayo mji mzima wa Musoma unakunywa: kahawia.

Mzee Magesa alizipanga zile karatasi tatu dirishani. "Haya," akasema, "ama Musoma nzima tumekufa na hatujaambiwa, ama zinki yetu ni chafu." Zinki ilikuwa chafu. Kilichotiwa ndani yake kiwandani mimi sijui, lakini kile kipimo hakikuwa na maana. Kama tusingepima maji ya ziwa, tungekwenda kijijini na jibu lililo sahihi kwa bahati, na mtu yeyote mwenye akili angetuvunja kwa swali moja.

Mtama ulikuwa umeanza kuvunwa. Kuagiza zinki safi kulihitaji sahihi ya watu ambao hawakuwepo. Nilikaa pale nikamwona akilini yule mtoto mdogo aliyeshikwa nguo, na nikajua mahali penye zinki. Ilikuwa kwenye mtungi wa kioo, rafu ya juu, kwenye maabara ya shule niliyosoma. Niliitazama miaka minne bila kuona ikishushwa.

Mwalimu wa kemia alikuwa yule yule. Katika miaka minne sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona mwenyewe.

"Wewe ulikuwaga unakaa dirishani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Unataka cheti?"

"Zinki, mwalimu."

Nikamwambia kwa nini. Alipanda kiti mwenyewe, akapuliza vumbi, akanipa mtungi mzima. "Chukua. Mara ya mwisho kufanya practical hata siikumbuki. Angalau itumiwe na mtu niliyemfundisha."

Safari hii karatasi ya ziwa ilibaki nyeupe. Ya mtungi ikawa njano hafifu. Ya pampu ikaja kahawia nzito, kama chai ya msibani. Ile kutu nyekundu, inapotuama, inaishika sumu na kushuka nayo chini. Hiyo ndiyo iliyomwokoa Bibi Bhoke, si adabu. Wala haimalizi sumu yote, kwa hiyo msije mkamshauri mtu alaze maji halafu mkaenda zenu. Tena hata kuchemsha hakusaidii. Aseniki haifi kwa moto. Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Inaingia kidogo kidogo kwa miaka, inaanzia kwenye ngozi, na ikiachwa inaingia ndani: mishipa, mapafu, kibofu, na saratani huko mwisho.

Kikao cha wenye mji kilikaa baada ya mavuno kama walivyosema. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na Nyabise peke yake kule ghalani. Mumewe, mtu mpole, alikuwa ametazama chini kama mimi. Niliona wazi anampenda mkewe na anaogopa kaka yake. Mzee Magesa alieleza. Alionyesha karatasi. Walimsikiliza kwa heshima, kisha kaka mkubwa wa mume akasafisha koo.

"Mzee, tumekusikia. Lakini wanawake wa hapa wote wanachota pale. Mbona ugonjwa umechagua mmoja?"

Mzee Magesa akageuka. "Hilo ni la wanawake. Binti, simama."

Nilisimama, kwa sababu kukaa kungekuwa aibu kubwa zaidi. Nikasema naomba wanawake tu, nyuma ya nyumba. Nadhani walidhani nataka kwenda kujisaidia, maana walinifuata kwa huruma.

Nyuma ya nyumba nikasema kwa kunong'ona, nikitazama miguu yao, "Mama zangu, naomba kuona viganja."

Wakacheka. "Mwanangu, hapa nani hana sugu? Sisi tunalima!"

Walikuwa na haki. "Basi vifua," nikasema.

Hakuna aliyetikisika. Kisha Nyabise, ambaye alikuwa ametufuata kwa mbali, akavua lile sweta. Ilikuwa mara ya kwanza wenzake kuona. Madoa yalimjaa begani mpaka tumboni. Alisimama hivyo juani, mikono imening'inia, hajafunika kitu.

Msichana mmoja aliyeolewa karibuni, aliyekaa jirani na pampu, akafungua kifungo cha blauzi polepole. Yalikuwepo, machache, chini ya mtulinga. "Mimi nilidhani ni jua," akasema.

"Mimi nilidhani ni mimba," akasema mwingine, naye akafungua.

Wa tatu akafungua kwa hasira. "Mimi nilidhani umeniambukiza wewe, Nyabise! Nimekuchukia tangu masika!"

"Niliona," Nyabise akajibu. "Hata chumvi uliacha kuniazima."

Wakacheka, kile kicheko cha watu walioogopa pamoja. Waliokuwa na madoa wote walikuwa wa haraka, wa kunywa bombani au kwenye ndoo iliyofika sasa hivi. Wale wa kulaza maji walikuwa safi. Bibi Bhoke alipita akiwakagua mmoja mmoja kama mtu anayenunua mbuzi, akavuta kola ya huyu, akafunua khanga ya yule. Kisha akageuka akaenda kwa wanaume, nasi nyuma yake tukifunga vifungo njiani.

"Wanaume," akasema, "kama ni kuwarudisha kwao, rudisheni wote. Huyu, na yule, na yule mliyemtolea ng'ombe juzi. Mimi mzee sitapika. Mtapikiwa na nani?"

Kaka mkubwa akainuka, akasema kikao kimekwisha. Mume wa Nyabise akainua uso kwa mara ya kwanza siku ile.

Ya kiofisi nayamaliza haraka. Nyabise mwenyewe aliutoa mpini wa pampu kwa spana yake, watu wakitazama. Wanawake walirudi lamboni kwa msimu mzima, wakachemsha, wakatulaumu, na walikuwa na haki. Kisima kipya kilichimbwa kule mlimani, na kabla ya kuchimba tuliwauliza wazee kila kitu kilichowahi kusimama, kuzikwa au kumwagwa pale. Tangu hapo swali hilo nimeliuliza kila kijiji mkoani Mara, na mnanijua jinsi ninavyochukia kuuliza. Madoa ya wale wasichana yalififia. Viganja vya Nyabise vililainika kiasi, havikurudi kama zamani. Daktari alikuwa akimwangalia kila mara kuona kama kuna kidonda, na mpaka naondoka kazini hakikuwepo. Mzee Magesa alistaafu, akaniachia miwani ya akiba, ambayo hainitoshi.

Lakini ninachotaka mbaki nacho ni chakula cha siku ile ya kikao. Wanaume walikwisha kupelekewa chao. Sisi wanawake tulizunguka sinia moja, ugali wa udaga wa muhogo na samaki sato wa kukaushwa. Nyabise, bila mtu kumwambia, alichukua bakuli la chakula alichojipikia, akaenda kukaa pale ghalani alipozoea. Nadhani hata hakufikiri, miguu ilimpeleka. Kwenye sinia kila mmoja alingoja mwingine amwite.

Bibi Bhoke akanyanyuka, akajisukuma kwa mkono gotini, akaenda hadi pale. Akakaa chini kwa kuguna. Akamega tonge kwenye bakuli la Nyabise, akachovya kwenye mboga ya Nyabise, akatafuna.

"Mbona haina chumvi?"

"Chumvi iko ndani kwako, mama. Mimi jikoni siingii."

Bibi Bhoke alitafuna mpaka akameza. Hakuharakisha.

"Basi kachukue. Unataka mimi mzee nikuletee?"

Nyabise aliinuka. Aliingia ndani, akakawia kule. Tulimsikia akifungua kopo hili, akifunga, akifungua jingine, kwa sababu tangu atolewe jikoni vitu vilikuwa vimehamishwa.

"La kijani!" Bibi Bhoke akapaza sauti, mdomo umejaa. "Kwenye rafu ya juu! La kijani!"